Walowezi wa nyanda za Marekani: nawaheshimu sana, ila maisha yao siyatamani

#1 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka autunze ausome akitulia.

Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu huku Marekani, makazi yangu Omaha, Nebraska. Mizigo mingi ninayopewa inaelekea magharibi kwa barabara ya I-80, na kwa sehemu kubwa ya jimbo hili barabara hiyo inafuata bonde la mto Platte. Bonde hilohilo ndilo walilopita wahamiaji wa karne ya 19 waliokuwa wakienda Oregon, California na Utah na magari ya kukokotwa na maksai. Kutoka Omaha hadi mpaka wa Wyoming ni zaidi ya kilomita 700. Nikitoka alfajiri, jioni nimeshavuka mpaka na njiani nimekula chakula cha moto. Wao walikwenda kama kilomita 24 kwa siku, tena siku ikiwa nzuri. Kipande changu cha siku moja kilikuwa mwezi wao mzima, na hapo nusu ya safari walikuwa bado hawajaifikia.

Nimeleta mada hii kwa sababu kwenye magrupu yetu kuna maneno yanarudi kila siku: watu wa zamani waliishi vizuri, walikula vya asili, walikuwa na nguvu, sisi teknolojia imetuharibu. Mimi nawaheshimu watu wa zamani. Lakini nikisoma walivyoishi kweli, siku kwa siku, sioni cha kutamani. Naona watu waliobeba mzigo ambao mimi sikubebeshwa, na nataka tuuone ulivyokuwa mzito.

Nianze na safari. Mwaka 1843 watu karibu 1,000 waliondoka Missouri kwa mkupuo mmoja kwenda Oregon. Kuanzia miaka hiyo mpaka reli ya kuvuka bara ilipounganishwa Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869, inakadiriwa watu kati ya 300,000 na 400,000 walipita njia hizi. Kutoka Independence, Missouri, hadi bonde la Willamette kule Oregon ni kama kilomita 3,200. Miezi minne ukibahatika, sita usipobahatika.

Wengi tunadhani walikuwa wamepanda magari. Sivyo. Gari lenyewe lilikuwa sanduku la mbao la urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na kitu, halina springi, limejaa chakula mpaka juu. Waliopanda ni wagonjwa, wazazi waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Wengine wote walitembea kando ya maksai wakila vumbi. Viatu vikiisha njiani, unaendelea peku.

Miongozo ya wakati ule ilishauri kila mtu mzima achukue kilo 90 za unga wa ngano, karibu kilo 70 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, kilo 9 za sukari, kilo nne na nusu za kahawa na chumvi kiasi hichohicho. Kuni hakuna, kwa sababu nyanda hazina miti. Walipika kwa mavi makavu ya nyati, na kazi ya kuyaokota ilikuwa ya wanawake na watoto. Ukiondoka mapema mno majira ya kuchipua, nyasi hazijaota na maksai watakufa njaa. Ukichelewa, theluji inakukuta milimani. Msafara wa Donner ulichelewa mwaka 1846 ukanaswa na theluji Sierra Nevada, na kati ya watu 87 karibu nusu hawakutoka hai.

Lakini kilichoua wengi zaidi ni kipindupindu, hasa miaka ya 1849 hadi 1852. Misafara ilifuatana kama siafu kando ya Platte, kila jioni watu wanapiga kambi pale walipolala wenzao wa jana, wanachimba vishimo vya maji karibu na vinyesi vya waliotangulia. Mtu anaamka mzima, mchana anaharisha na kutapika, usiku amekata roho. Walikuwa wanamzika katikati ya njia, kisha wanapitisha magari juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasilifukue. Asubuhi wanafunga nira wanaendelea, kwa sababu theluji ya mbele haisubiri matanga.

Sasa rudini juu mwangalie ile orodha ya chakula. Sukari ilikuwemo. Chumvi ilikuwemo. Sufuria ya kuchemshia maji nayo ilikuwemo garini. Mama anamtazama mwanawe anakauka mbele ya macho yake, na vile ambavyo vingeweza kumwokoa viko ndani ya gari hilohilo, hatua tatu kutoka alipolala. Hakuna aliyejua. John Snow alionyesha London mwaka 1854 kwamba kipindupindu kinasafiri na maji. Robert Koch akakitambulisha kijidudu chenyewe miaka ya 1880. Na ile tiba ya maji, sukari na chumvi ilikuja kuonekana nguvu yake mwaka 1971, kwenye kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, chini ya Dk. Dilip Mahalanabis. Kutoka yale makaburi ya Platte hadi hapo ni zaidi ya miaka 100.

Jambo hili huwa nalifikiria sana nikiwa barabarani. Tukitaja maisha ya kisasa tunataja simu, kiyoyozi na magari. Mimi naanza na pakiti ya ORS ambayo mtoto wa Kigoma anapewa zahanati bila hata kupanga foleni ndefu. Yule mama wa mwaka 1850 angeipokea kwa magoti.

Nitaendelea na habari ya nyumba zao, nina mzigo wa kushusha sasa hivi.

#2 Kijana wa Pwani

Mkuu haya ni madini. Swali langu: kama safari yenyewe ilikuwa hivi, ni nini kiliwatoa nyumbani? Kwa nini wasikae kwao?

#3 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Mkuu, sababu zilikuwa nyingi na hazikuwa za aina moja. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, benki zikafungwa, bei ya mazao ikashuka, wakulima wengi wakabaki na madeni. Mabonde ya Mississippi na Missouri yalikuwa na malaria, tena ile ya kurudi kila mwaka, na watu wakasikia Oregon haina homa. Wamormoni, waumini wa dhehebu moja la huku, walikuwa wakikimbia kusakamwa baada ya kiongozi wao Joseph Smith kuuawa mwaka 1844. Dhahabu ikaonekana California mwaka 1848, hapo vijana wakatoka mbio.

Halafu likaja suala la ardhi. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya Homestead. Unalipa ada ya jumla ya dola 18, unapewa ekari 160. Ukikaa miaka mitano, ukajenga na kulima, hati inakuwa yako. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa kuomba kwa jina lake, mhamiaji kutoka Ulaya aliyetangaza nia ya kuwa raia aliruhusiwa, na watu weusi waliotoka utumwani nao waliruhusiwa. Kwa jumla hati kama milioni 1.6 zilitolewa. Mtu ambaye kwao hajawahi kumiliki hata kiraka cha mchicha, ukimwambia ekari 160 anakwenda tu.

#4 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Tuendelee. Umefika kwenye ekari zako 160 Nebraska au Kansas. Hakuna mti, hakuna jiwe. Unajenga kwa nini?

Walijenga kwa ardhi yenyewe. Nyasi za nyanda zile zilikuwa hazijawahi kulimwa na mizizi yake ilikuwa imeshikana kama mkeka. Walipitisha jembe la kukokotwa lililotengenezwa maalumu, likakata utepe wa ardhi wa upana wa sentimita 30 na unene wa kama sentimita 10, nyasi na mizizi yake humohumo. Wakaukata vipande kwa sepetu, wakavipanga mfano wa tofali, upande wa nyasi ukitazama chini. Ukuta ulikuwa na unene wa sentimita 60 hivi. Nyumba ya mita tano kwa sita ilimaliza nyasi za karibu ekari moja na uzito wake ulifika tani 90.

Nimewahi kuingia kwenye moja iliyojengwa upya, kwenye makumbusho ya mji mdogo kando ya barabara. Nje jua lilikuwa kali, ndani pamepoa kabisa. Dirisha limezama ndani ya ukuta kiasi kwamba kizingiti chake cha chini kinatosha kukalia mtoto, na mwenye nyumba alikuwa ameweka hapo vyungu vya maua. Ukipitisha mkono ukutani unagusa vijinyuzi vya mizizi mikavu iliyojitokeza. Juu, chini ya paa, kumetandikwa shuka jeupe. Nikamuuliza mzee anayetembeza wageni shuka la nini. Akaniambia ni la kuzuia udongo, wadudu na nyoka wasidondokee mezani wakati wa kula.

Faida zilikuwepo: nyumba haishiki moto wa nyika, wakati wa joto ina ubaridi na wakati wa baridi inatunza joto. Mvua ndiyo ilikuwa balaa. Paa lenyewe ni udongo na nyasi, kwa hiyo mvua ikinyesha siku moja nje, ndani matone ya tope yanaendelea siku mbili baadaye. Kuna wanawake walioandika kwamba walipika mmoja ameshika mwavuli juu ya jiko.

Na kazi za mwanamke ndizo hasa zinazonifanya nikasirike mtu akisema "zamani raha". Maji ya kisima kilichochimbwa kwa mkono, au ya mapipa yaliyobebwa kwa gari kutoka mtoni. Moto wa mavi makavu, wa magunzi, au wa nyasi zilizosokotwa vifundo, ambazo zinaungua upesi hivyo lazima mtu akae anachochea. Sabuni inapikwa nyumbani kwa maji ya majivu na mafuta ya wanyama, na ukikosea kipimo inachubua mikono. Siku ya kufua inaanza kabla ya jua: kuchota, kubeba, kuchemsha, kusugua, kukamua, kuanika, na yale maji yote yaliyobebwa kuingia ndani yanabebwa tena kutoka nje. Hapo bado mikate, ng'ombe wa kukamua, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mkunga ni jirani aliye mbali kwa farasi, kama theluji imemruhusu kutoka.

Shida nyingine nazitaja mbiombio. Mwaka 1874 nzige wa Milima ya Rocky walishuka Kansas na Nebraska wakala mahindi, wakala vitunguu mpaka ndani ya ardhi, wakala nguo zilizoanikwa na hata mipini ya majembe iliyokuwa na chumvi ya jasho. Wengi walifunga virago mwaka huo. Nzige hao hawapo tena duniani, aliye hai wa mwisho alionekana mwaka 1902.

Halafu tarehe 12 Januari 1888. Asubuhi ile kulikuwa na joto lisilo la kawaida kwa Januari, watu wakatoka bila makoti mazito, watoto wakaenda shule. Mchana ikaja dhoruba ya theluji laini kama unga, upepo mkali kiasi cha mtu kutouona mkono wake mwenyewe. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakirudi kutoka shule. Wengine walikutwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwao. Mwalimu mmoja kijana, Minnie Freeman wa Mira Valley, Nebraska, paa la shule yake ya nyasi liling'olewa na upepo, akawakusanya wanafunzi akawapitisha kwenye dhoruba hadi nyumba ya jirani. Wote walifika wazima.

Mimi dhoruba ya namna hiyo imenikuta Wyoming. Tofauti ni kwamba simu ilinionya tangu jana yake. Polisi walikuwa wameshashusha mageti ya kufunga I-80, nikaegesha kituo cha mafuta pamoja na malori mengine mengi. Nililala ndani ya kabini, hita inanguruma taratibu, nina ndizi na maharage kwenye friji ndogo, naongea na mke wangu kwa video. Upepo unalitikisa lori lote. Usiku ule niliwafikiria sana wale watoto. Mwaka 1888 utabiri wa hali ya hewa ulikuwepo, wa jeshi, unaopelekwa kwa telegrafu, lakini haukuwa na njia ya kumfikia mkulima aliye nyumba ya udongo kilomita 20 kutoka stesheni.

#5 Mjukuu wa Tembe

Mkuu nimesoma yote. Mimi ni wa Dodoma vijijini na hiyo nyumba uliyoeleza ni kama umeeleza tembe alilozaliwa bibi yangu. Tembe nalo paa lake ni udongo juu ya miti, kuta nene, mchana wa kiangazi ukiingia ndani unasahau jua la Ugogoni. Na mvua ikipiga siku mbili mfululizo, ni vilevile, mnahamisha vyombo kutoka kona hii kwenda ile.

Lakini nina neno. Kwenu huko mambo haya yamo kwenye makumbusho. Kwetu wengine hayajaingia makumbusho bado. Mama yangu mdogo anatoka saa kumi usiku kuwahi foleni ya maji. Kuni anafuata mbali kuliko alivyofuata bibi, kwa sababu miti imekwisha. Hivyo nikisoma unavyowasifu wanawake wa mwaka 1880, nawaza huyu wa leo atasifiwa na nani, au tunasubiri miaka 150 ipite?

Bibi mwenyewe nilimuuliza siku moja kama anakumbuka tembe kwa hamu. Akasema anawakumbuka watu waliokuwa ndani yake. Bati analipenda.

#6 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Dada yangu, umesema kweli na nashukuru umeisema. Mama yako mdogo anastahili heshima ileile, na zaidi ya heshima anastahili bomba.

Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Hata huku Marekani starehe hizi hazikufika shambani mapema. Kufikia mwaka 1935 ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme, wakati mijini taa zilikuwa zimezoeleka kitambo. Kampuni binafsi zilisema kupeleka nguzo kwa wakulima waliotawanyika hakulipi. Ndipo serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaunda shirika la umeme vijijini mwaka 1935, sheria yake ikapita 1936, wakulima wakakopeshwa fedha kupitia vyama vyao vya ushirika wakavuta nyaya wenyewe. Kifupi cha shirika lile kilikuwa REA. Sisi Tanzania REA yetu ilianza kazi mwaka 2007. Wajukuu wa wale walowezi, watu waliokuwa na ardhi, walingoja taa mpaka serikali ilipoamua.

Kwa hiyo mtu akisema wanakijiji wetu wavumilie kwa sababu hata Wazungu walivumilia, mjibu kwamba Wazungu wenyewe walichoka kuvumilia wakadai nguzo. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa nyumbani mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mimi nautazama kwa macho ya yule mwanamke anayechochea nyasi zilizosokotwa, na ninataka ufike.

#7 Mkunga Mstaafu

Wanangu, mimi ni mkunga mstaafu, nimefanya kazi miaka mingi mkoa wa Rukwa, na kambi za kipindupindu nimezisimamia. Mleta uzi umeligusa jambo la sukari na chumvi vizuri, naomba nilikamilishe ili mtu asije akalitumia vibaya.

Kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, ikizidi inamdhuru mtoto. Mpe kidogokidogo, kijiko baada ya kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Hayo ni ya kumsogeza njiani. Pakiti ya ORS ikiwepo, hiyo ndiyo ya kwanza, na mtoto apewe na zinki. Aliyelegea, macho yamezama, mkojo hautoki, huyo anahitaji dripu na anahitaji kituo cha afya sasa hivi.

Niongeze hili kwa hao wasafiri wako. Kipindupindu nilikiona kinarudi mahali ambapo kila mtu anaijua ORS. Wanaijua, lakini choo hakuna na kisima kiko bondeni chini ya makazi. Tulitoa semina, tukagawa pakiti, mwaka uliofuata tuko palepale tunahesabu vitanda. Kilichokuja kukata mzizi kijiji kimoja ni kisima kirefu chenye pampu na mwenyekiti mkali aliyesimamia vyoo nyumba kwa nyumba. Maarifa peke yake yanaokoa mgonjwa aliye mbele yako. Kuzuia wa kesho asiugue ni kazi ya kuchimba.

#8 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Shikamoo mama. Asante sana kwa kutufundisha, ningeomba wasimamizi wa jukwaa waliweke bango hili juu.

#9 Nakuru Kwetu

Ndugu mleta uzi, unaandika vizuri, lakini uzi huu umenikaa vibaya tangu mwanzo na nimengoja nione kama utafika ninapopataka.

Sisi wa Bonde la Ufa hadithi hii tunaijua kutoka upande wa pili. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, sehemu wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa na Laikipia nayo watoke, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba. Hao walowezi nao walilalamika sana kuhusu taabu zao: ng'ombe kufa kwa magonjwa, kutu ya ngano, nzige, kuishi kwenye vibanda vya nyasi. Sikatai kwamba waliteseka. Babu yangu aliwafanyia kazi, aliwaona wakiteseka. Lakini mateso ya mtu aliyekuja kukaa kwenye shamba langu siwezi kuyaita ushujaa.

Hizo ekari 160 zilitoka wapi?

#10 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Ndugu yangu, ni swali la haki, na nilipaswa kupewa mapema.

Zilitoka kwa wenyewe. Hapa Nebraska walikuwepo watu wa Pawnee, Otoe, Ponca, na Omaha ambao mji ninaoishi umechukua jina lao. Watu wa Pawnee walikuwa na nyumba zao za udongo za mviringo, kubwa, na mashamba ya mahindi kando ya Platte, muda mrefu kabla ya mlowezi wa kwanza kukata kipande cha nyasi. Katikati ya miaka ya 1870 walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Nyati waliokuwa mamilioni, chakula na mavazi ya mataifa ya nyanda, waliuawa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki mamia tu.

Nikueleze habari ya mtu mmoja. Watu wa Ponca walitolewa kwao, mto Niobrara, mwaka 1877 wakaswagwa kusini kwenye eneo hilohilo. Walikufa wengi kwa magonjwa na njaa. Chifu wao Standing Bear alifiwa na mtoto wa kike njiani, kisha huko akafiwa na kijana wake. Kijana aliomba azikwe kwa mababu. Januari 1879, katikati ya baridi ileile ninayoiogopa nikiwa na hita, Standing Bear aliibeba maiti ya mwanawe akatoka na watu kama 30 kurudi kaskazini. Walikamatwa na jeshi wakawekwa Fort Omaha. Kesi ikafika mbele ya Jaji Elmer Dundy, na mwezi Mei 1879 akaamua kwamba Mhindi Mwekundu ni mtu mbele ya sheria na hawezi kushikwa bila sababu. Fikiria kwamba jambo hilo lilihitaji hukumu. Standing Bear aliachiwa, akamzika mwanawe kando ya Niobrara.

Kwa hiyo sisemi mateso ya mlowezi yalihalalisha ardhi. Ugumu wa maisha haumpi mtu haki juu ya shamba la mwenzake. Ninachosema ni kwamba yule mama wa Platte aliyemzika mtoto chini ya magurudumu, uchungu wake ulikuwa uchungu kamili, na mikono yake ilifanya kazi ambayo mimi nisingeimaliza wiki. Naweza kumheshimu kwa hilo na bado nikasema serikali iliyompa hati ilimpa mali ya mwingine.

Halafu walowezi wenyewe hawakuwa wa namna moja. Mwaka 1877 watu weusi kutoka Kentucky, waliokuwa watumwa miaka michache tu nyuma, walianzisha mji wa Nicodemus kule Kansas. Kundi la mwaka 1878 lilipokaribia, mama mmoja aitwaye Willianna Hickman aliuliza mji uko wapi, kwa sababu haoni kitu. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo. Alisimulia baadaye kwamba alianza kulia. Lakini walikaa, wakajenga shule na makanisa. Reli ilipowapita pembeni mwaka 1888 mji ukadhoofika, ila haukufa, na hadi leo vizazi vyao hurudi kila mwaka kukutana. Hao walikuwa wanakimbia nini, wewe na mimi tunajua.

#11 Nakuru Kwetu

Sawa ndugu, hapo umenisogeza. Wa Nicodemus nawakubali bila masharti. Yule mama wa Platte nampa pole, ushujaa bado siwezi kumpa, na usinilazimishe. Kwangu mimi shujaa wa uzi wako wote ni Standing Bear, na umemleta ukurasa wa mwisho wakati alipaswa kuwa wa kwanza.

#12 Mjukuu wa Tembe

Naungana na Nakuru kuhusu Standing Bear. Ila yule mama mimi nampa vyote viwili, pole na ushujaa. Mwanamke aliyefua kwa sabuni ya majivu huku ana mimba hakuulizwa kama anataka kuhama. Mume ndiye aliyeamua.

#13 Dereva wa Nyanda (mleta uzi)

Nakuru, nimekusikia. Jua kwamba hata Nebraska wenyewe wamefika hapo kwa kuchelewa: mwaka 2019 waliweka sanamu ya Standing Bear kwenye jengo la Bunge la Marekani kule Washington, ikachukua nafasi ya mwanasiasa wao maarufu William Jennings Bryan. Kila jimbo linaruhusiwa sanamu mbili tu pale.

Dada, hilo la nani aliamua kuhama linahitaji uzi wake peke yake. Zipo shajara nyingi za wanawake wa njia ile, na wengi wanasema waziwazi hawakutaka kuondoka. Nitazipanga nizilete.

Wiki ijayo natarajia mzigo wa Wyoming. Karibu na mji wa Guernsey magurudumu ya yale magari yamechimba mwamba wa mchanga, sehemu nyingine kina kinafika mita moja na nusu. Kama ratiba ikiruhusu nitaegesha nikapige picha niziweke hapa, na nikipata mzigo wa kaskazini nitapita pia Niobrara.